Nani aliijenga sanamu ya Kristo wa Rio, na mikono yake imeshikwa na nini?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, Morogoro. Ofisini tumebishana wiki nzima. Mwenzangu anasema ile sanamu kubwa ya Yesu inayoutazama mji wa Rio de Janeiro ni zawadi ya Wafaransa, ilitengenezwa Paris ikasafirishwa kwa meli. Mimi nimekuwa nikifundisha kwamba ni jiwe la mlima lililochongwa palepale. Nani yuko sahihi? Na mwanafunzi wa kidato cha pili ameniuliza swali lililonishinda: mikono imenyooshwa namna ile miaka yote, mbona haivunjiki?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nimefurahi zaidi na lile la mwanafunzi, kwa sababu ndilo lililonikalisha mezani kuandika. Nitalifikia. Kwanza niwaamulie ugomvi: nyote wawili mmekosa, ila mwenzako amekosa kwa karibu zaidi. Sanamu ile haikuchongwa kwenye jiwe la mlima, wala haikuwa zawadi ya mtu. Ni jengo la zege na nondo, lililojengwa kwa fedha walizochanga Wabrazili wenyewe, kisha likavishwa ngozi ya vijiwe vidogo mamilioni kadhaa. Wafaransa walikuwemo, na kazi yao ilikuwa kubwa, lakini waliitwa na kulipwa kama anavyoitwa fundi stadi kutoka mji mwingine.

Nasema ni jengo kwa makusudi. Nimefanya kazi ya zege zaidi ya miaka thelathini na mitano, na nikiitazama picha ya Kristo wa Rio naona nguzo na boriti kabla sijaona kanzu. Ndani yake mna uwazi, mna ngazi, mna sakafu za zege moja juu ya nyingine, na kuna vilango vidogo kichwani na mikononi ambavyo mafundi hutokea kwenda kurekebisha. Jiwe lililochongwa halina ngazi tumboni.

Kosa la mwenzako lina asili yake. Sanamu ya Uhuru ya New York kweli ilikuwa zawadi ya watu wa Ufaransa kwa watu wa Marekani. Ilibuniwa na Bartholdi, mifupa yake ya chuma ikabuniwa na Eiffel, ikazinduliwa mwaka 1886. Mtu akisikia kwamba hata Kristo wa Rio aliguswa na Mfaransa, ni rahisi kuzifunga hadithi mbili kamba moja. Ila New York mfadhili alikuwa ng'ambo, na Rio mfadhili alikuwa muumini wa pale pale chini ya mlima.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1850 padri mmoja wa shirika la Mtakatifu Vinsenti, Pierre-Marie Bos, alitamani pajengwe mnara wa kidini juu ya mlima Corcovado. Halikufika popote. Mwaka 1889 ufalme wa Brazil uliangushwa, nchi ikawa jamhuri, na dini ikatenganishwa na serikali. Mnara wa Kanisa juu ya mji mkuu (Rio ilikuwa mji mkuu hadi 1960) ukawa jambo gumu hata kulitamka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakatoliki wa Rio waliona imani inapoa, na mwaka 1920 chama chao kikaanza kukusanya saini na michango. Waliitenga wiki nzima wakaiita Wiki ya Mnara, wakapita wakiomba. Nyuma yao alikuwepo Askofu Sebastião Leme, ambaye baadaye alikuja kuwa kardinali, mtu aliyejua kuwapanga watu.

Mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa Heitor da Silva Costa, mhandisi Mbrazili. Huyu ndiye jina ninalotaka uliandike ubaoni. Mchoro wake wa kwanza ulimwonyesha Kristo ameshika msalaba mkubwa kwa mkono mmoja na tufe la dunia kwa mkono mwingine. Watu wa Rio wakamcheka, wakauita Kristo wa Mpira. Silva Costa hakununa. Alikaa na mchoraji Carlos Oswald, wakaanza upya, na hapo ndipo likapatikana lile umbo tunalolijua: msalaba ukaondoka mkononi ukaingia mwilini. Kristo mwenyewe, kwa kunyoosha mikono, akawa ndiye msalaba.

Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kazi ile, na ubora wake ni wa kiroho na wa kihandisi kwa pamoja. Kilele cha Corcovado kiko mita 710 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyesimama ufukweni, kilomita kadhaa chini, asingeona tufe wala kijiti cha msalaba, angeona donge. Mwili ulionyooka na mikono iliyotandazwa unasomeka hata na mtoto, hata jioni, hata katikati ya ukungu unaopanda kutoka baharini. Silva Costa alikuwa anajenga kitu cha kuonwa kutoka mjini, na aliufikiria mji kabla ya mlima.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 4 Aprili 1922, mwaka Brazil ilipotimiza karne moja ya uhuru kutoka Ureno. Ujenzi wenyewe ulianza mwaka 1926, na sanamu ikazinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Ni urefu wa mita 30, juu ya kitako cha mita 8, na kutoka ncha ya vidole vya mkono huu hadi ncha ya vidole vya mkono ule ni mita 28.

Sasa Wafaransa. Silva Costa alijua alichonacho na alichopungukiwa. Alikwenda Ulaya, akamwendea mchongaji Paul Landowski mjini Paris, na mtaalamu wa mahesabu ya zege Albert Caquot. Landowski akatengeneza mifano midogo ya sanamu nzima, kisha akafinyanga kichwa na mikono kwa ukubwa wake kamili. Uso ulifanywa katika karakana yake na kijana Mromania, Gheorghe Leonida. Vipande hivyo vya plasta ya jasi ndivyo vilivyopakiwa melini kwenda Brazil, na huko vikatumika kumwagia zege lenyewe. Kwa hiyo mwenzako alisikia jambo la kweli kwa nusu: kichwa na viganja vilisafiri baharini, lakini vilisafiri kama kalibu. Sanamu yenyewe haijawahi kupanda meli. Mwambie ninampa alama tano kati ya kumi.

Caquot huyu anastahili sentensi zake. Kabla ya Rio alijulikana kwa maputo ya uchunguzi yaliyofungwa kwa kamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza; alibuni puto lenye mapezi mkiani, ambalo lilitulia kwenye upepo mkali pale ambapo mengine yaliyumba ovyo. Ukitaka kusimamisha mtu mwenye mikono ya mita 28 kwenye kilele kilicho wazi kwa upepo wa bahari, mtafute mtu aliyekwisha kushindana na upepo.

Na hapo tumefika kwa mwanafunzi wako.

Mwambie asimame mbele ya darasa, anyooshe mkono mmoja pembeni, kisha mpe ndoo ndogo ya maji aishike. Baada ya nusu dakika muulize panauma wapi. Atakuonyesha juu ya bega. Hatagusa kiganja, wala hatagusa kwapa. Kitu kinachoning'inia upande mmoja bila nguzo huvutika upande wa juu na kubanwa upande wa chini, na mvutano mkubwa zaidi uko pale kinaposhikana na mwili. Zege ni hodari sana likibanwa. Likivutwa, ni dhaifu kama biskuti. Kwa hiyo kila penye mvuto tunaweka nondo, kwa sababu chuma hakijali kuvutwa. Katika mkono wa Kristo wa Rio, chuma cha kuushikilia mkono kinapita sehemu ya juu, kinaingia begani, kinavuka kifua na kushikana na kile cha upande wa pili.

Hili si jambo la vitabuni tu. Miaka ya nyuma niliitwa kuangalia roshani ya nyumba moja iliyokatika siku mbao za chini zilipotolewa. Fundi alisuka nondo vizuri, alifunga waya vizuri, saruji ilikuwa ya kutosha. Lakini alizilaza nondo chini, kama anavyozilaza kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege, lenye kuta pande zote. Kwenye roshani nondo zile hazikuwa na kazi. Upande wa juu uliokuwa ukivutwa ulibaki zege tupu. Bahati nzuri hapakuwa na mtu chini. Tangu siku hiyo kila kijana niliyemfundisha nilimshikisha ndoo kwanza, nondo baadaye.

Kuna jambo la pili linaloisaidia sanamu ile, nalo ni kwamba mikono iko miwili na inafanana. Ungekuwa mmoja tu, mwili mzima ungetaka kuanguka upande ule, na ungehitaji uzito wa kuuzuia upande mwingine. Ikiwa miwili, kila mmoja ni mizani ya mwenzake, kama mtu wa mtaani anayebeba madumu mawili ya maji badala ya moja. Kwa hiyo uzito peke yake haukuwa tatizo kubwa la Silva Costa na Caquot. Tatizo lilikuwa upepo. Mwili ule umeukabili upepo kama tanga, na upepo hauji sawasawa: ukisukuma mkono mmoja kwa nguvu kuliko mwingine, unataka kuusokota mwili mzima kama mtu anayekamua nguo. Ndiyo maana kiwiliwili kimepewa upana ule na mikunjo ya kanzu inashuka mizito hadi chini. Tunaiona ni kanzu. Ndani yake ni mifupa inayokataa kusokotwa, nayo imeota mizizi kwenye mwamba.

Kingine ambacho huwa kinasahauliwa ni reli. Garimoshi la Corcovado lilizinduliwa mwaka 1884 mbele ya Mfalme Pedro wa Pili, karibu miaka hamsini kabla ya sanamu. Lina gurudumu la meno katikati, linashika reli yenye meno ili lisirudi nyuma kwenye mteremko. Reli hiyo, yenye urefu wa kama kilomita nne, ndiyo iliyopandisha vifaa. Nimejenga milimani, na nakuambia: gharama ya zege mlimani ni gharama ya kulifikisha. Huko kileleni nafasi ilikuwa finyu hivi kwamba majukwaa ya mafundi yalitokeza juu ya genge. Aliyesimamia kazi hapo juu siku kwa siku alikuwa Heitor Levy, na vibarua na mafundi wake, ambao wengi majina yao hayamo kwenye vibao vyovyote, walimwaga zege hilo wakiwa na mji mzima chini ya nyayo zao.

Nikifika kwenye ngozi naona fahari isiyo yangu. Zege likiachwa wazi ni la kijivu, linanyonya maji ya mvua, na hewa ya chumvi ikilipenya nondo hupata kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka likaanguka vipande. Nimeishi Tanga, nyumba za kando ya bahari zinalisema hilo kila baada ya mvua za masika. Silva Costa alilijua hilo, na tena hakuweza kuvumilia Kristo wa rangi ya daraja. Akiwa Paris aliona kwenye ukumbi wa maduka wa Champs-Élysées chemchemi iliyofunikwa kwa vigae vidogovidogo, akaona jinsi vigae vinavyofuata mviringo bila kuvunja umbo. Akaamua: Kristo atavikwa hivyo, na vigae vitakuwa vya jiwe la sabuni.

Jiwe la sabuni unalijua, mwalimu. Vile vinyago na bakuli laini za Kisii zinazouzwa Nairobi na Arusha, kutoka machimbo ya Tabaka, ni jiwe la jamii hiyohiyo. Wareno nao waliliita kwa jina lilelile, pedra-sabão, kwa sababu likishikwa linateleza kama sabuni. Ni laini, unaweza kulikwaruza kwa kisu, na hapo watu hudhani litaisha kwa mvua. Kinyume chake. Halinyonyi maji kirahisi, halipasuki joto linapopanda na kushuka, na hewa ya mji hailili haraka. Ushahidi Wabrazili walikuwa nao tayari jimboni Minas Gerais, ambako mchongaji Antônio Francisco Lisboa, anayejulikana kwa jina la Aleijadinho, alichonga manabii kumi na wawili wa jiwe la sabuni mbele ya kanisa la Congonhas, kati ya mwaka 1800 na 1805. Walikuwa wamesimama mvuani zaidi ya karne. Aleijadinho mama yake alikuwa Mwafrika aliyetumikishwa utumwani. Ukifundisha kuhusu Kristo wa Rio bila kumtaja mtoto huyo wa Mwafrika ambaye kazi yake ililithibitisha jiwe, somo limepungua.

Vijiwe vilikatwa pembetatu ndogo, upande sentimita tatu hivi hadi nne, unene wa milimita chache. Hesabu inayotajwa ni kama milioni sita. Pembetatu ndogo ina akili yake: inapinda na kila mkunjo wa kanzu, na kwenye joto na baridi kila kijiwe kinapumua peke yake. Bamba moja kubwa la jiwe lingepasuka miaka ya mwanzo tu. Sasa, nani angevipanga vijiwe milioni sita kimoja kimoja? Wanawake wa Rio. Walikaa kwenye kumbi za parokia wakivibandika kwenye vipande vya kitambaa, kitambaa baada ya kitambaa, na mafundi wakavipandisha mlimani kuvigandisha kwenye zege. Inasimuliwa kwamba wengine waliandika nyuma ya vijiwe majina ya watu wao: mume, mtoto, aliyefariki. Majina hayo yametazama ndani, kwenye saruji, hakuna anayeyasoma.

Kila nikisikia "zawadi ya Wafaransa" ni wanawake hao ninaowafikiria. Mtu aliyetoa senti zake Jumapili, akaja Jumatatu kubandika vijiwe hadi vidole vikauma, anafutwa kwenye historia kwa sentensi moja ya uvivu. Ndiyo maana jibu langu limekuwa refu.

Uniruhusu hapa nichepuke kidogo, kwa sababu wewe ni mwalimu wa historia na mimi ni wa kokoto tu. Msitu unaouzunguka mlima ule, msitu wa Tijuca, si wa asili kama unavyoonekana pichani. Milima ile ilikuwa imefyekwa kwa mashamba, kahawa hasa, hadi vyanzo vya maji vya mji vikaanza kukauka. Kuanzia mwaka 1861, kwa amri ya Pedro wa Pili, ilipandwa upya chini ya Meja Manuel Archer, na waliochimba mashimo na kubeba miche walikuwa watumwa wa Kiafrika. Rio ilipokea Waafrika kwa malaki kupitia gati la Valongo, wengi kutoka Kongo na Angola, lakini karne ya kumi na tisa wakaja wengi pia kutoka pwani ya Msumbiji, watu wa upande wetu huu wa bahari. Kwa hiyo kijani kinachomzunguka Kristo kwenye kila picha ni kazi ya mikono ambayo huenda baadhi yake ilizaliwa si mbali na Ruvuma.

Turudi juu. Kuhusu radi, maana najua watakuuliza. Morogoro, chini ya Uluguru, mnaijua radi, na Brazil ni miongoni mwa nchi zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Sanamu ndefu kwenye kilele kirefu hupigwa mara kadhaa kila mwaka. Ukiikaribia utaona kichwani kama taji la miiba. Ni vyuma vya kunasa radi, na vingine viko mikononi. Vinapokea umeme na kuushusha ardhini kwa njia ya nyaya nene. Shida ni kwamba huko juu ardhi yenyewe ni mwamba, na mwamba haupokei umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Radi ikikosa njia iliyoandaliwa, hupita kwenye jiwe. Unyevu uliomo huchemka kwa kufumba na kufumbua, mvuke hutafuta pa kutokea, na jiwe hulipuka. Mwezi Februari 2008 dhoruba iliharibu vidole na sehemu za kichwa. Januari 2014 radi ikakata ncha ya dole gumba la mkono wa kulia, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Mafundi walipanda, wakaning'inia kwa kamba kama wakwea milima, wakalijenga upya.

Matengenezo hayajawahi kukoma. Mwaka 1980 ilisafishwa kwa ajili ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Mwaka 1990 ikakarabatiwa tena. Mwaka 2003 zikawekwa lifti na ngazi za umeme, maana kabla ya hapo ilibidi kupanda ngazi zaidi ya mia mbili kwa miguu. Kazi kubwa ilikuwa ya mwaka 2010, ambapo vijiwe zaidi ya 60,000 vilitumika. Na hapa pana jambo linalonisikitisha kama fundi: jiwe la rangi ileile ya mwanzo, nyepesi ya kijani na kijivu, limekuwa adimu, na vijiwe vya karibuni ni vyeusi zaidi. Kila kiraka kinaongeza weusi kidogo. Wajukuu zetu huenda wakamwona Kristo mwenye rangi nzito kuliko aliyezinduliwa mwaka 1931.

Inauangaliaje mji? Uso umeelekea mashariki, jua linakochomoza, juu ya ghuba ya Guanabara na lile jabali la Pão de Açúcar. Mkono wa kulia unaelekea kusini, kwenye ziwa na fukwe za Ipanema ambako nyumba ni ghali. Wa kushoto unaelekea kaskazini, kwenye mitaa ya wafanyakazi na uwanja wa Maracanã. Wanaoishi magharibi wanaona mgongo wake. Hakuna namna ya kuuangalia mji mzima ukiwa na uso mmoja, lakini ukikaa upande wa mgongo hilo haliwi suala la hesabu tu, na Wakristo wa mitaa hiyo wana haki ya kulisema.

Usisahau kuwaambia wanafunzi kwamba bado ni mahali pa ibada. Sanamu ni mali ya Jimbo Kuu la Rio, ndani ya hifadhi ya taifa ya Tijuca. Kwenye kitako kuna kanisa dogo la Bikira Maria wa Aparecida, lililowekwa wakfu Oktoba 2006, sanamu ilipotimiza miaka 75. Watu hubatizwa na kufunga ndoa humo, huku nje watalii wamelala chali sakafuni ili picha iwaenee.

Na imezaa. Kardinali Cerejeira wa Lisbon aliiona Rio mwaka 1934, akarudi Ureno na wazo. Kristo Mfalme wa Almada, anayeutazama mji wa Lisbon kutoka ng'ambo ya mto Tejo, alizinduliwa mwaka 1959. Hata Afrika yuko mmoja: juu ya mji wa Lubango, kusini mwa Angola, sanamu nyeupe ya Kristo mwenye mikono iliyonyooshwa imesimama kwenye ukingo wa milima tangu mwaka 1957, enzi za Wareno. Ipo Bolivia, mjini Cochabamba, ndefu kuliko ya Rio, na ya Poland, Świebodzin, nayo ni ndefu zaidi. Urefu haujawasaidia kuipita kwa jina, na sababu ninayoiona ni mlima, na zile pembetatu.

Kwa somo la wiki ijayo, tafuta kinyago cha Kisii kilichovunjika, na kipande cha zege kutoka mahali panapojengwa. Wanafunzi wakikwaruze kila kimoja kwa msumari, waone kipi laini. Kisha wadondoshee maji tone moja moja juu ya vyote viwili na wahesabu dakika. Tone la kwenye zege litazama. La kwenye jiwe la sabuni litabaki limekaa juu, linang'aa. Yule wa kidato cha pili mpe ndoo mbili safari hii, moja kila mkono, na umuulize kama anahisi tofauti.